Miaka Saba ya Sare na Baba Mkwe

Kwenye chesi mimi si mtu wa kufungwa kirahisi. Simfungi mtu pia, ila hilo huwa nalisema kwa sauti ya chini. Nikipewa kete nyeupe, askari wa mbele ya malkia anakwenda hatua mbili. Askofu wa upande huohuo anatoka nje mapema kabla mlango haujafungwa. Askari wengine wawili wanasogea hatua moja moja na kushikana bega kwa bega, farasi wanakuja kukaa nyuma yao, mfalme anafichwa kwenye kona pamoja na ngome yake, na hapo kazi yangu imekwisha. Mpinzani afanye atakavyo. Alete malkia, alete farasi wote wawili, mimi napanga vilevile, hata kama mbele yangu amekaa bingwa au amefungwa mbuzi.

Kwenye simu wanauita ufunguzi wa London. Kijiweni kwetu Kibondo, nyuma ya duka la dawa ambako walimu, waganga na sisi watu wa halmashauri tunakutana jioni, wanauita chanjo. Mimi ni bwana afya, kwa hiyo jina lilinata siku ya kwanza tu. Mtu akiniona navuta kiti anawaambia wenzake, "Haya, kunjeni mikono ya shati, daktari kaja." Kijiwe kina ubao mmoja na sheria moja: aliyeshinda anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine, na mkitoka sare mnanyanyuka wote wawili. Kwa sheria hiyo nimewanyanyua mabingwa wengi kuliko mtu yeyote wilayani, na sijawahi kumfunga hata mmoja wao. Kuna mwalimu wa kilimo aliyekuwa ameshinda watu sita mfululizo nikamtoa kwa sare, hakunisalimia mpaka likizo.

Naomba nisikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Ufunguzi wa namna hii una faida zake. Hauhitaji kumbukumbu, na mtu wa umri wangu kumbukumbu anaitunzia nywila ya barua pepe ya kazini. Hauaibishi: hutaona mfalme wako akikimbizwa katikati ya ubao huku watu wakicheka. Unaweza kuucheza huku unakunywa chai na kupiga soga, na chai ikaisha kabla hujafikiri jambo lolote. Na mimi kazi yangu nzima ni ya namna hiyo. Chemsha maji, nawa mikono, funika chakula, chimba choo kabla ya kujenga sebule. Nikienda Kitahana na pikipiki navaa kofia ngumu hadi shambani kwa watu, na wale wanaochekelea wakiniona wana haki yao, maana huwa naisahau kichwani nikiwa nimeshakaa kuhutubia mkutano.

Lakini tusidanganyane. Baada ya hoja thelathini za usalama, yaani kila mtu amesogeza kete mara thelathini, kete zote za maana zimekwisha kubadilishwa, na mnabaki kila mtu na mfalme na askari wake wanne wanaotazamana kama watu waliokosana kwenye foleni ya bombani. Hakuna wa kupita, hakuna wa kurudi. Mnapeana mikono. Umetumia saa nzima ya maisha yako na hakuna kilichotokea. Na kwa ufunguzi huohuo nusura baba mkwe wangu awe kipofu.

Mke wangu ni wa Kasulu. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapata uraia, akalima maharage na mihogo, akafungua duka la chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Chesi alifundishwa na Mkongomani mmoja, fundi wa redio, na ndiyo maana hadi leo akimtishia mfalme wako hasemi "cheki", anasema "eshek", tena taratibu, kama mtu anayekuuliza hali ya nyumbani. Ubao wake aliuchonga mwenyewe. Kete nyeusi zimekolezwa moshi wa jikoni, na farasi mmoja, aliyepotea zamani, amebadilishwa na kizibo cha chupa ya dawa.

Nilipokwenda kujitambulisha kwao, mshenga wangu, ambaye ni Muha na anazijua desturi, alinipa masharti njiani. Usimpinge mzee. Usimmalizie maneno yake. Usinyanyuke kabla yake. Usitazame jikoni. Mimi mtu wa Singida niliyashika yote kama mtahiniwa. Baada ya chakula mzee akautoa ubao, akaniuliza kama najua. Nikasema kidogo. Akaanza kupanga kete.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili kuliko mshenga. Mshenga hakusema lolote kuhusu chesi, nikaongeza sharti langu mwenyewe. Nikimfunga mzee, nimemvunjia heshima nyumbani kwake mbele ya binti yake. Nikijiachia anifunge kizembe, ataona amempa binti yake bwege. Kilichobaki ni nini? Nikamtoa askari wa mbele ya malkia, hatua mbili. Baada ya saa moja tukapeana mikono, sare, naye akatabasamu na kuagiza chai nyingine. Njiani nikamwambia mshenga kwamba ufunguzi ule ulitungwa makusudi kwa ajili ya wakwe. Hakucheka, nami nikamwona hana ucheshi.

Basi ikawa hivyo kwa miaka saba. Karibu kila mwezi tunapanda basi la asubuhi kwenda Kasulu, tunashuka na baridi yake, tunakwenda ibadani, tunakula ugali wa muhogo na maharage, halafu ubao unatoka. Sare. Krismasi, sare. Pasaka, sare. Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, sare mbili siku moja kwa furaha. Mama mkwe alikuwa akisikia kete zinarudishwa kwenye kopo anauliza kutoka uani, kwa Kirundi, kama tumeshamaliza kutwanga maji.

Macho ya mzee yalianza kuharibika mwaka wa tano. Mtoto wa jicho: la kushoto lilifunga utando mweupe kabisa, la kulia likafuata polepole. Akaanza kuzipapasa kete kabla ya kuzisogeza, akigusa kichwa cha kila moja kwa ncha ya kidole. Mimi nikazidi kujiona muungwana. Nikawa namwambia mke wangu kwenye basi, "Leo nilikuwa na nafasi ya kumbana, nikamwachia." Nilikuwa nasema hivyo kwa mdomo huu huu. Pasaka moja kidole chake kilikaa juu ya kichwa cha farasi, yule wa kizibo, kikakaa sana, halafu kikahama na kusogeza askari wa pembeni asiye na kazi. Usiku nikaupanga ule mchezo kwenye simu. Simu ikanionyesha kwamba farasi yule angeruka ningepoteza malkia. Masikini mzee, nikajisemea, hakuona. Nikalala usingizi mzuri.

Hospitali ya misheni ya Kabanga haiko mbali na nyumbani kwake, na siku za kliniki ya macho watu hutoka mbali kuja kutolewa utando kama ule. Yeye alikataa. Alikataa kwa binti yake, akakataa kwa mchungaji, akakataa kwa mama mkwe mpaka wakaacha kusemeshana. "Jicho si jipu," alisema, "halitumbuliwi." Huku akisema hivyo alikuwa anagonga bega kwenye fremu ya mlango wa duka lake mwenyewe, na wateja waliokuwa na adabu ndogo walishaanza kujipimia chumvi.

Mke wangu alinigeukia. "Wewe unawachimbisha vyoo watu wa Kitahana wasiovitaka. Baba yangu mmoja anakushinda?"

Nikamwambia mimi ni mkwe, na mkwe hambishii mzee.

"Haya, kaa na ukwe wako," akasema. "Unajua baba anasema nini? Anasema miaka yote hii unamchezea kama mtu aliyekalia begi lake stendi."

Hilo liliniuma, nalisema wazi. Mtu unajikunja miaka saba kwa ajili ya heshima ya mzee, halafu yeye anakuona abiria. Safari iliyofuata nikavunja sharti la kwanza la mshenga. Kabla ubao haujatoka, nikamwambia mzee kwamba macho yake yanaweza kupona, na kwamba kukataa ni kosa.

Mama mkwe uani akaacha kuosha vyombo.

"Ego," mzee akasema, yaani ndiyo, amesikia. "Ninakupa hii. Safari ijayo tutacheza. Ukinifunga, asubuhi yake munipeleke Kabanga. Nikikufunga mimi, maneno ya hospitali yafe, weye na binti yangu musinitajie tena. Na sare hakuna. Ukileta sare, umeshindwa."

"Sawa, baba."

"Na weye utacheza nyeupe. Lakini yule askari wako wa malkia, umwache alale."

Kwa maneno mengine, ameninyang'anya ukuta wangu, na macho yake ameyaweka juu ya ubao.

Nilikuwa na mwezi mmoja. Nikajifunza kwenye simu ufunguzi wa watu wasio na woga: askari wa mfalme hatua mbili, halafu yule wa pembeni yake, ambaye maisha yangu yote nimemkataza kutoka nyumbani, naye hatua mbili, aliwe bure, ili njia zifunguke umrukie mtu. Nikaupeleka kijiweni. Kijiwe kilifurahi kwa namna ambayo sitaisamehe. Nilifungwa na mtu wa maabara. Nilifungwa na mwalimu wa kilimo, tena akanisalimia. Nilifungwa hata na mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa anakatiza mchezo kwenda kuhudumia wateja na kurudi. "Daktari kaacha kuchanja," walisema, "sasa anaambukizwa." Lakini nilijipa moyo. Hawa wanaona, mimi nakwenda kucheza na mtu anayepapasa. Nilikuwa nategemea upofu wa mzee ili niponye upofu wa mzee, na sikuona aibu yoyote.

Siku ilipofika, mke wangu hakukaa uani na mama yake. Alivuta kigoda akaketi pale pale sebuleni, amekunja mikono. Mzee akazigusa kete zake zote, moja moja, kama anayehesabu watoto wakati wa kulala. Nikamsogeza askari wa mfalme. Akajibu. Nikamtoa yule wa sadaka, na mzee akakipeleka kidole, akampapasa, akakunja uso.

"Huyu umemtuma, ama ameanguka?"

"Nimemtuma, baba."

"Ehee." Akamla.

Sasa pale kuna farasi ambaye lazima atoke mara moja amzuie malkia wa mpinzani. Kila somo kwenye simu lilinieleza hivyo. Lakini mwezi mmoja haufuti miaka ishirini: mkono wangu ulikwenda kwa askofu, kwa sababu mkono wangu umezoea kuwahi kumtoa askofu nje. Nilipomwachia tu, malkia mweusi akateleza ubao mzima hadi pembeni.

"Eshek," akasema mzee, taratibu.

Mfalme wangu ilibidi atembee kwa miguu. Mfalme niliyemficha kwenye kona maelfu ya mara akasimama nje na nguo zake za kulalia. Nisiwachoshe na yaliyofuata. Nilishambulia, ndiyo, nilitishia mambo mawili matatu, na kwa hoja kama nne nilisikia moyo unanienda mbio kwa namna ambayo chesi haijawahi kunifanyia, nikadhani ndiyo raha yenyewe. Halafu kizibo cha chupa ya dawa kikaanza kuruka. Kikaruka hapa, kikaruka pale, kikala ngome, na kila kikitua mzee alikuwa amekwisha kutoa kidole kabla mimi sijaelewa. Hoja ya kumi na tisa akanifunga. Hata hakutangaza. Alikaa tu, mikono magotini, akisubiri nijionee mwenyewe.

Mke wangu alinyanyuka akatoka nje. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Ahadi ilikuwa ahadi, na mimi bwana afya wa halmashauri ndiye niliyeyacheza macho ya baba yake na kuyapoteza.

"Mukwe," mzee akaniita.

"Naam, baba."

"Ile Pasaka. Farasi wangu alikuwa hapa, malkia wako hapa." Vidole vyake vikagusa miraba miwili bila kuitafuta. "Ulidhani sikuona?"

Nikaitazama ile miraba.

"Mugeni hafungwi kwangu," akasema. "Mutu anakuja na basi tangu Kibondo, anakula chakula chetu, nimufunge arudi na aibu? Oya, hapana. Nilikuwa nakuacha. Lakini nilikuwa nasema, huyu naye ananiacha, kwa sababu ya ukwe. Anajua, anaficha. Nilisema siku moja atajifungua, nione amebeba nini." Akachukua mfalme wangu aliyefungwa, akampapasa kichwa, akamlaza. "Kumbe haukuwa unaficha kitu. Haujui kucheza."

Miaka saba. Kila mmoja kwa adabu yake alikuwa anamwachia mwenzake, tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na kitu cha kuachia.

Nikasema, "Nimeshindwa, baba. Sitakutajia hospitali tena." Nilikuwa nimemwona asubuhi ile akimimina chai pembeni ya kikombe, na nikajua nitamwona akifanya hivyo mpaka mwisho.

"Usinitajie," akasema. "Nitaitaja mimi. Zile karatasi za kliniki mulizoniletea ziko wapi?"

"Lakini umeshinda."

"Nimeshinda kwa kupapasa. Nimekufunga, na uso wako sijauona." Akakohoa, nikagundua baadaye kwamba alikuwa anacheka. "Mutu nimemungoja miaka saba nimufunge, nisimuone uso? Kesho munipeleke."

Tukampeleka. Hapana kisa cha kusimulia hapo: alikaa kwenye foleni ya kliniki na wazee wenzake, akaingia, akatoka na bandeji, akalalamika kuhusu uji. Jicho la kulia walilifanya miezi michache baada ya la kushoto. Niliporudi safari iliyofuata hilo la pili alikuwa dukani anawapimia watu chumvi yao sawasawa, na baadhi ya wateja hawakuifurahia kabisa afya yake.

Alinitazama usoni kwa muda usio wa adabu. Akamwita mama mkwe aje, akamwonyesha mimi kwa kidevu. "Uso wake wenyewe," akasema, "ni wa mutu anayetaka sare." Mama mkwe, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kucheka mbele yangu kwa heshima ya mkwe, alicheka hadi akashika ukuta.

Baada ya chakula ubao ukatoka. Mzee akapanga kete haraka, bila kuzipapasa, halafu akamwondoa malkia wake mwenyewe na kumweka kando, karibu na sahani ya karanga, kama unavyomfanyia anayejifunza. Akaniashiria nianze.

Mimi nikafanya nini? Nikamtoa askari wa mbele ya malkia, hatua mbili. Askofu nje. Askari wawili bega kwa bega. Mfalme konani. Nilikuwa na malkia mzima zaidi yake na bado nilijenga ukuta, na hoja ya thelathini, nikiwa nimekwisha kumpoteza malkia huyo kwa njia ambayo hadi leo siielewi, nikanyoosha mkono juu ya ubao kama nilivyozoea.

"Sare, baba?"

Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni kwa macho yake yote mawili, na hakuupokea.

"Sare ni ya wageni," akasema, akachukua kile kizibo.